Kisutu Upande wa Kanada

Mzee Harub alikagua mita za umeme mjini Ibra, Omani, kwa miaka thelathini na moja, na kazi hiyo ilimharibu. Sisemi kwa ubaya. Ukipita nyumba baada ya nyumba, mwenye nyumba anakukaribisha kahawa na tende, anakuuliza hali za watoto, na huku nyuma ya ukuta keshavuta waya usiopita kwenye mita, mwisho wake utaiogopa hata kahawa yenyewe. Harub alikwishaamini kwamba kadiri mtu anavyokuchekea ndivyo anavyokuibia. Alipostaafu, imani hiyo alirudi nayo nyumbani pamoja na saa ya ukutani aliyozawadiwa na wenzake, na saa nayo aliishuku. Kila siku aliilinganisha na adhana.

Nyumbani walibaki wawili, yeye na binti yake Alyaa. Mkewe, Najla, alikuwa amefariki miaka tisa nyuma, na wana wawili wa kiume walikuwa Maskati na wake zao. Alyaa alikuwa na miaka ishirini na tisa, mfamasia wa hospitali, mwenye maneno machache na macho ya mama yake. Ndiye aliyempikia Harub, aliyempima presha, aliyemfichia halwa. Wachumba walikuja watatu, na kila mmoja baba mtu alimpata na kasoro: wa kwanza alicheka sana, wa pili hakucheka, wa tatu alikuwa na magari mawili. Kitu alichokiogopa Harub duniani, baada ya Mungu, ni siku atakayoingia mtu mlangoni pake akamchukulia Alyaa.

Na katika wachukuaji wote, aliyemwogopa zaidi ni wa ndege. Mwaka wa sitini na nne alikuwa mtoto wa miaka kumi walipotoka Unguja, na ukoo ukamwagika. Wengine Dubai, wengine Uingereza, wengine, baada ya miaka, Omani. Kila mmoja aliaga kwa muda mfupi. Binamu yake Humaid naye aliaga mwaka wa themanini na tatu, anakwenda Kanada kusoma miaka miwili tu. Alirudi mara moja, kumzika mama yake, akaondoka tena kabla ya arobaini. Kwa hesabu ya Harub, Kanada ni mahali unapokwenda miaka miwili ukabaki milele.

Sasa fikiri jinsi roho ilivyomruka Novemba ya mwaka 2022, pale mtoto wa Humaid aliposhuka mlangoni na mikoba miwili mikubwa kama magunia ya mbolea.

"Shikamoo, Ami," alisema kijana, akambusu mkono. Aliitwa Yazan, miaka ishirini na sita, kazaliwa Toronto, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusemea na bibi kwenye simu. Alifungua mkoba, zikamwagika fulana nyekundu tupu. "Ami, hii zawadi. Yote."

"Yote ya nani?"

"Ya watu ya Ibra. Mimi nataka watu ya hapa washangilie Kanada."

Akaeleza. Kanada ilikuwa haijaingia Kombe la Dunia kwa miaka thelathini na sita, na sasa imeingia, tena inacheza Doha, karibu hapa, ndege ya asubuhi unakwenda na usiku unarudi Maskati. Lakini washangiliaji wake wachache. Basi yeye na wenzake wa Toronto walikubaliana kila mmoja aende kwenye ukoo wake akatafute watu arobaini: mmoja Beirut, mmoja Karachi, yeye Ibra.

Harub aliokota fulana moja akaitazama mshono. "Serikali ya kwenu inakulipa?"

"La, Ami."

"Nani kalipa fulana hizi?"

"Sisi wenyewe. Tumechanga."

Jibu hilo ndilo lililommaliza. Mtu katoka upande wa pili wa dunia, na fulana arobaini kanunua kwa jasho lake, ili mkata nywele wa Ibra ashangilie timu asiyoijua? Harub alikamata wezi wa umeme kwa hadithi zenye akili kuliko hiyo. Kijana huyu ana analolitaka, alijiambia, nami nitalijua kabla hajalitamka.

Siku ya pili akapata dalili ya kwanza. Katika fulana zote arobaini, moja tu ilikuwa ya mikono mirefu, inafika magotini, na ilimkaa Alyaa kama kapimwa na fundi.

"Kakujuaje kipimo?" Harub aliuliza.

"Aliniuliza kwa WhatsApp, Baba."

"Tangu lini unasemezana naye?"

"Tangu alipozaliwa ni ndugu yangu," alisema Alyaa, akaenda zake jikoni. Jibu lilikuwa la kweli, na mkaguzi mzoefu anajua kwamba jibu la kweli likija haraka hivyo lina waya nyuma yake.

Siku kumi zilizofuata Yazan aliifanya kazi yake, na Harub akaifanya yake. Yazan alikwenda kwa mkata nywele, akaacha fulana tatu. Akaenda mkahawa wa chai ya karaki, uwanja wa mpira wa vijana, karakana ya magari. Alyaa alichukua sita akazipeleka soko la Jumatano, soko la wanawake peke yao, ambako Harub hakuweza kuingia kupeleleza, na hilo nalo alilitia maanani. Ibra ni watu wakarimu, na mkarimu hakatai kitu cha bure. Fulana zilikwisha. Ilionekana moja juu ya mtende, kaivaa mkata makuti, na nyingine imevalishwa sanamu ya kutishia ndege kwenye shamba la majani ya ng'ombe. Washangiliaji lakini hawakuonekana. Ukimwuliza aliyeivaa ataishangilia nani, alikwambia Saudia, au Moroko, au Brazili.

Yazan hakukata tamaa. Alikwenda Doha, Kanada ikafungwa moja bila na Ubelgiji. Akarudi, akaenda tena, Kanada ikafungwa nne kwa moja na Kroeshia, ikatoka mashindanoni, mechi moja bado haijachezwa. Kijana alirudi Ibra sauti imekauka na bendera yake kubwa kaisahau uwanjani. Harub alidhani sasa atafunga mikoba. Badala yake asubuhi ile ile akamsikia anawapigia watu simu, waje Alkhamisi kutazama Kanada na Moroko.

Harub alivuka njia mpaka kwa shemeji yake Sleyum, kaka yake marehemu Najla, mtu wa mitende na sauti kubwa.

"Sleyum, timu ikishatolewa, mtu anaishangilia ya nini?"

"Mapenzi, shekhe wangu."

"Mapenzi ya nani?"

Sleyum alicheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu aliona Harub anauliza mpira. Harub hakuwa anauliza mpira. Timu imekufa, fulana zimekwisha, bendera imepotea, na kijana bado yuko nyumbani kwake, anakula mkate wa kumimina wa Alyaa na kumwita Ami kila baada ya neno. Dalili ya mvua ni mawingu, naye yalikuwa yamekwishamfunika.

Alkhamisi mchana, Alyaa yuko kazini, Harub alikwenda kufungua sanduku la Najla. Sanduku hilo lilikuwa na vitu vichache, na cha juu kabisa kilikuwa kisutu, ile kanga nyekundu, nyeupe na nyeusi avaayo bibi harusi. Najla alikivaa siku alipoingia kwa Harub, na alipokuwa kitandani mwishoni alimwambia, "Hiki kiweke, akivae Alyaa siku yake." Harub alikuwa na desturi ya kukigusa Alkhamisi. Siku hiyo alifunua sanduku, akapapasa kulia, akapapasa kushoto.

Kisutu hakikuwepo.

Alikaa sakafuni. Basi mambo yamefika huko, alijiambia. Wamekwishakubaliana, nguo imekwishatolewa, na watu wote hawa hawaitwi kutazama mpira, wanaitwa kuwa mashahidi. Mtoto wa watu ataniposea mbele ya umma ili nione haya kukataa. Alimwonea Yazan uchungu, akamwonea Alyaa uchungu zaidi, kisha akajionea mwenyewe huruma, na hapo kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa akalia.

Baada ya sala ya isha sabla ilijaa. Sabla ni chumba cha wageni, kirefu, mito kando ya ukuta, na televisheni mbele. Yazan alikigawa pande mbili: kulia Moroko, kushoto Kanada. Kulia walikaa watu ishirini na kitu, baadhi yao wamevaa fulana za Kanada bila ya haya. Kushoto walikaa Yazan, mkata nywele, na Saud mtoto wa Sleyum, aliyekuja kutoka kazini kwake Sur na kukaa popote palipokuwa karibu na sinia la sambusa. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, mlango wazi, na sauti ya Fawziya, mke wa Sleyum, ikisikika kuliko wote.

Timu zilikuwa zinapiga mstari kwa nyimbo za taifa, ndipo Yazan aliposimama. Alikuwa kakamata mfuko wa plastiki.

"Ami Harub," alisema, "mbele ya wazee, mimi nataka kuomba kitu. Kitu ya heshima. Alyaa aliniambia lazima kuomba kwako kwanza."

Harub aliinua mkono. Alikuwa kajiandaa tangu mchana. Kuna neno moja kwetu la kumrudisha mposaji bila kumvunjia uso, na linakubalika hata kama kila mtu analijua ni la kupitishia.

"Mwanangu, usimalize. Nakuheshimu wewe, na baba yako ni ndugu yangu. Lakini msichana ana mwenyewe."

Mkata nywele alipunguza sauti ya televisheni.

"Ana mwenyewe?" alisema Sleyum. "Alyaa wetu? Nani?"

Hilo Harub hakulipigia hesabu. Neno lile huambiwa mjumbe, pembeni, naye haulizi. Harub kalisema hadharani, mbele ya mjomba wa msichana, ambaye ni haki yake kuuliza. Wezi wangapi wa umeme alikwishawaona wakiganda namna ile, macho yanatafuta pa kushika! Macho yake yaliangukia mtu wa karibu.

"Saud," alisema.

Saud alikuwa na sambusa mdomoni.

"Alhamdulillahi!" Sleyum alipiga kelele. "Wallahi nilikuwa najua! Nimekaa nangoja neno hili miaka! Fawziya, umesikia?" Na Fawziya kule ndani akapiga kigelegele kilichotikisa vikombe. Mikono ya wanaume ikaanza kuinuka kusoma Fatiha, na Fatiha ikisomwa, jambo limefungwa. Mwenye kulifungua baadaye hafunguliwi mlango tena na ndugu.

"Ami," Yazan alisema polepole, "mimi nilitaka kuomba kitambaa tu."

Akakitoa kwenye mfuko. Kisutu. Bendera imepotea, alisema, na upande wa Kanada hauna kitu chekundu cha kutundika, na Alyaa kampa hiki kutoka sandukuni, lakini ni cha marehemu mama, hakitundikwi bila ruhusa ya Ami.

Harub alitazama mlango wa ndani. Alyaa alikuwa amesimama pale, kavaa fulana yake ndefu nyekundu, na hakuwa analia wala hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama baba yake kama anavyoitazama karatasi ya dawa iliyoandikwa vibaya. Kisha akarudi ndani.

Wakati huo huo Moroko ikafunga. Dakika ya nne, kipa wa Kanada katoka golini, kautoa mpira vibaya, umepigwa juu yake ukaingia. Upande wa kulia uliruka wote, mikono ya Fatiha ikawa ya kukumbatiana, na Sleyum akasema, "Basi tutasoma mapumziko! Alyaa na Saud, mapumziko!"

Harub alipewa dakika arobaini na moja kukaa na uongo wake. Hajapata kuona dakika ndefu kama zile. Moroko ikafunga la pili. Saud hakula tena. Dakika ya arobaini mchezaji wa Kanada akaupiga mpira kutoka kushoto, ukamgonga mguuni beki wa Moroko, na yule beki, bila ya kukusudia, akautia kwenye lango lake mwenyewe. Sabla ikaguna. Kamera ikamwonyesha amesimama hajui aweke wapi mikono. Mkata nywele alishangilia peke yake. Harub hakushangilia, wala hakuguna, lakini alimwonea yule beki huruma.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, Sleyum alijirekebisha kilemba. Harub akamtangulia kusimama. Alivuka chumba kutoka kulia kwenda kushoto, akachukua kisutu mikononi mwa Yazan, na kwa mikono yake akakitundika kwenye misumari miwili ya saa, saa ameiweka chini.

"Nimesema uongo mbele yenu," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Alyaa hana mwenyewe. Hajaposwa na mtu. Nilidhani kijana huyu kaja kunichukulia mwanangu, nikaingiwa na hofu, nikamtaja wa kwanza niliyemwona. Saud, nisamehe. Sleyum, nisamehe, ukiweza."

Sleyum aliondoka bila ya kuaga, akawachukua na watu wake saba. Baada ya robo saa alirudi, kwa sababu televisheni ya kwake haikuwa na chaneli ile, akakaa mwisho wa chumba, mbali na Harub. Harub alikaa chini ya kisutu mpaka mwisho. Kanada ilifungwa mbili kwa moja.

Watu walipokwisha kwenda, alimkuta Alyaa jikoni anaosha vikombe.

"Mwanangu, niambie kweli. Huyu Yazan hajakuletea barua ya kazi huko kwao? Hajakwambia kitu?"

Hata hapo, jamani. Hata hapo hakuweza kujizuia.

Alyaa alifunga bomba. "Barua ya kazi ilikuja mwezi wa nane, Baba, kabla Yazan hajanunua tikiti. Niliomba mwenyewe. Wakanikubali, nikawajibu kwamba siji, baba yangu yuko peke yake." Alipangusa kikombe, akakiweka. "Nilikataa bila ya kukwambia, ili usijione umenizuia. Leo nimekusikia unanigawa mbele ya watu kama kisahani, ili nisiulizwe tu. Yazan hakuniuliza. Na wewe hukuniuliza."

Harub alishika ukingo wa meza. "Nikikuuliza sasa?"

"Sasa jibu ni jengine," alisema Alyaa, na hapo ndipo alipolia.

Aliwaandikia tena, wakamkubali tena. Aliondoka Septemba ya mwaka uliofuata. Uwanja wa ndege wa Maskati, baba yake alimkabidhi mfuko wa plastiki, ule ule. "Mama yako alisema siku yako. Siku yako siijui mimi. Chukua, utaijua mwenyewe." Alyaa alisema anakwenda miaka miwili. Harub aliitika vizuri, na hakuamini.

Miwili imekwisha, na wa tatu unakwenda. Kombe la mwaka huu wa 2026 linachezwa huko huko Kanada kwa sehemu, na kura imeitia Kanada kundi moja na Katari, jirani zetu. Ukipita Ibra sasa utamwona mzee wa miaka sabini na mbili anagawa fulana nyekundu kwa mkata nywele, mkahawani, uwanja wa vijana. Anafika mpaka Sur na Nizwa kwa gari lake. Watu wanamtazama kwa jicho la pembeni. Mzee aliyekuwa hamwamini hata muazini, leo anatoa vitu bure? Tena dhidi ya Katari?

"Kanada wamekulipa nini, Ami Harub?" wanamwuliza.

"Nimenunua mwenyewe."

Hakuna anayemsadiki, naye hawalaumu. Amekwishapata watu ishirini na tatu. Huwaita nyumbani baada ya sala ya alfajiri kutazama marudio ya mechi za Toronto, huwapa chai na mkate, na kabla ya kuanza huwapa agizo moja: mpira wautazame wakipenda, lakini kamera ikipita kwa watazamaji, kila mtu atafute kisutu. Alyaa hukivaa mabegani uwanjani, kamwambia mwenyewe kwa simu, lakini uwanja mzima ni mwekundu, na macho ya mzee mmoja hayatoshi. Ndiyo maana anawataka arobaini.

Asubuhi moja kamera ilipita haraka, kama kawaida yake, na Saud, ambaye sasa ana mke wake na mtoto wake na hakosi hata mechi moja, akaruka juu.

"Yule! Ami, yule! Juu ya lango, kisutu!"

Harub alikuwa ameinama anamimina chai. Alipoinua kichwa, skrini ilikuwa na majani matupu ya uwanja na mtu anayetaka kurusha mpira. Chai ilimwagika sinia zima. Kila mmoja alingoja mkaguzi aanze: umeona wapi, upande gani, una hakika, una shahidi.

"Anaonekanaje?" aliuliza Harub.

"Anacheka, Ami."

Harub aliweka birika chini. Hakuuliza mara ya pili.